Kigali Si Kituo cha Kufukuzia Mwizi

Wapo wenzetu wanaotaka mchezo wa kompyuta wa Carmen Sandiego, uliotolewa na kampuni ya Broderbund ya Marekani mwaka 1985, urudishwe madarasani kufundishia jiografia. Hoja yao kubwa: Kigali imo! Kweli imo, miongoni mwa miji 30 anayopitia mpelelezi akimsaka mwizi. Hata Moroni imo. Lakini kutajwa si kufundishwa.

Mpelelezi hufuata dalili gani? Rangi za bendera, jina la sarafu, na mengine ya kukariri. Bendera ya Rwanda ya wakati ule, nyekundu, manjano na kijani yenye herufi R, ilibadilishwa mwaka 2001. Aliyeikariri amebaki na nini?

Sasa simama hapa Rebero mvua ikinyesha, uulize maji yanakwenda wapi. Yatashuka hadi Nyabarongo, yaingie Akagera, yafuate mpaka wa Tanzania, yafike Ziwa Viktoria, kisha Nile, mpaka Kairo. Na Kairo imo katika mchezo huohuo! Miji miwili ya bonde moja, lakini mpelelezi huruka tu kwa ndege kutoka mmoja hadi mwingine.

Upelelezi wenyewe siukatai. Mwanafunzi hutafuta jibu mwenyewe, na mchezo uliuzwa pamoja na almanaka ya kupekuliwa. Ninachokataa ni mtoto wa Kicukiro kupewa kesi iliyotungwa California. Kesi yake ya kwanza iwe hii: nani anaiba udongo wa milima yetu, hata Nyabarongo ikawa rangi ya kahawia?