Nyasi Zilizoliwa Nazo Zihesabiwe

Jirani yangu hapa Kinyerezi anafuga ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba yake, na majani anayakata bondeni, upande wa Mto Msimbazi. Septemba, kipupwe kikiwa kinaishia, nilimkuta na mundu mkononi mbele ya kipande kilekile anachokikata siku zote. Palikuwa peupe, mashina ya mabingobingo tu. Nikampa pole: "Mama, mwaka huu majani hakuna." Akanishangaa. "Hakuna vipi, mwanangu? Hapa tangu masika nimeshakata mara sita. Hawa ng'ombe wameishi kwa kula nini?"

Jibu hilo ndilo lililozaa makala hii. Mimi nilitazama kilichosimama siku ile. Yeye alihesabu kilichoota.

Kwa miaka mingi, mtaalamu aliyetaka kujua uwanda wa nyasi unazalisha kiasi gani kwa mwaka alisubiri nyasi zifikie kimo cha juu kabisa. Alilaza fremu ya mraba chini, akakata kila kilichokuwa ndani yake, akakausha kwenye tanuri hadi uzito ukaacha kupungua, kisha akapima. Uzito huo ndio ulioandikwa kuwa mavuno ya mwaka. Kwenye nchi za baridi, ambako nyasi huota kwa msimu mmoja na kulala, njia hiyo ina nafuu. Kwetu inapotosha. Nyasi zetu huota na kufa kwa wakati mmoja: jani jipya linachomoza huku la zamani likikauka, likianguka na kubebwa na mchwa kabla mpimaji hajarudi. Na chini ya udongo mizizi nayo inaota na kufa, hakuna anayeiona.

Waliotuonyesha ukubwa wa kosa hilo walifanya kazi jirani kabisa na sisi. Katika miaka ya 1980, Imbamba na Kinyamario wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipima nyasi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, katika mradi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliofanyika pia Mexico, Brazil na Thailand. Walirudi uwandani mwezi baada ya mwezi. Walitenga majani mabichi na makavu, wakachimba udongo na kuosha mizizi, wakatia majani yaliyokufa kwenye vifuko vya wavu ili kujua yanaoza kwa kasi gani. Kazi ya kuchosha, na ninaiheshimu sana. Matokeo ya mradi yalipochapishwa 1989 yalionyesha kwamba ukijumlisha kilichokufa na kilichoota chini ya ardhi, mavuno ya mwaka yanazidi mara mbili na zaidi yale ya njia ya zamani.

Serengeti iliongeza somo jingine. Huko Mmarekani Samuel McNaughton alikabiliwa na nyumbu, ambao hula ushahidi wote. Basi akaweka vizimba vidogo vya waya, akapima nyasi za ndani na za nje, kisha akavihamisha mahali papya na kuanza tena. Katika andiko lake la 1985 alikadiria kwamba wanyama hula wastani wa asilimia 66 ya majani yote yanayoota juu ya ardhi kwa mwaka, na mahali pengine hadi asilimia 94. Aliyekuja mwisho wa msimu na fremu yake angeandika kwamba uwanda huo ni maskini. McNaughton alidai pia kwamba nyasi zikiliwa kwa kiasi huota zaidi kuliko zilizofungiwa. Joy Belsky, aliyefanya kazi Serengeti hiyohiyo, alimpinga kwa hoja nzito, na ubishi wao ulikuwa na faida kwa sababu kila upande ulikuja na vipimo.

Nchini kwetu ubishi wa malisho haubebi vipimo. Idadi ya ng'ombe tunaitaja kila mwaka, sasa ni zaidi ya milioni 30. Nyasi wanazokula hazitajwi. Tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010, na ni jambo jema, lakini kutenga eneo si sawa na kujua linaotesha nini. Mwaka 2006 wafugaji walipoanza kuondolewa bonde la Usangu, na wengi kuelekezwa mkoa wa Lindi, swali la kwanza la haki, kwa mfugaji na kwa mkulima mwenyeji, lilikuwa hili: huko waendako nyasi zinaota kiasi gani kwa mwaka, za masika na za kiangazi? Mabishano ya wafugaji na wakulima huko Kilosa na Mvomero yana mizizi mingi, siyo nyasi peke yake. Ila afisa anayesuluhisha bila takwimu ya nyasi anasuluhisha kwa macho, kama nilivyofanya mimi pale bondeni.

Wapo watakaosema setilaiti zimemaliza kazi hiyo. Setilaiti huona ukijani, na msaada wake ni mkubwa. Haioni mizizi, wala haijui ng'ombe alikula nini jana. Na ili ukijani ugeuzwe kuwa kilo, lazima mtu ainame na kukata.

Vifaa vya kazi hiyo ni fremu ya nusu mita kwa nusu mita, mundu, mizani ya jikoni, kizimba cha waya na daftari. Mwalimu wa baiolojia mwenye uwanja wa shule anavimudu, na mfugaji wa Pugu au Chanika pia. Majani yakaushwe vizuri kabla ya kupimwa, la sivyo utapima maji. Anzeni kabla ya mvua za vuli, pimeni kila mwezi kwa miezi 12, katika uwanja uleule, bila kuruka hata mwezi mmoja wa ukame. Kisha tuleteeni daftari, tutalichapisha.