Lijamu Kali Haimtulizi Farasi

Katika lugha yetu mtu akipewa madaraka husemwa kuwa ameshika hatamu, na msemo huo tumeuzoea hata hatumkumbuki tena yule aliyefungwa upande wa pili wa hatamu hizo. Sina ugomvi na siasa leo. Ugomvi wangu ni na itikadi iliyoenea miongoni mwa wapanda farasi wa kila nchi, kwamba farasi mbishi hakomi ila kwa lijamu kali, na kwamba anayevuta leo apewe kesho chuma chembamba zaidi, au kilichosokotwa kama kamba, au chenye mikono mirefu zaidi ya wenzo, mpaka asalimu amri. Naiona itikadi hii kuwa ni batili, tena batili ya hatari, kwa kuwa kila inaposhindwa hujipatia hoja mpya: farasi akizidi kukimbia, husemwa kuwa chuma hakikutosha ukali.

Mwenye shaka na amwendee farasi mpole, apenyeze kidole gumba pembeni mwa midomo yake, mahali pale ambapo, baina ya meno ya mbele na magego, Mwenyezi Mungu ameacha pengo. Na hapo ndipo lijamu ilazwapo. Atakachokigusa ni ufizi mwembamba uliotandazwa juu ya ukingo wa mfupa wa taya, mfano wa ngozi iliyotandazwa juu ya muundi wetu, na kila aliyewahi kujigonga muundi gizani anajua maana yake. Mwaka 2019 wataalamu wa Finland walitangaza matokeo ya kuchungua vinywa vya farasi 261 wa mbio za vigari, mara baada ya kushindana, wakakuta asilimia 84 wana majeraha mabichi pale chuma kinapopita. Hao ni farasi wa kukokota, si wa kupandwa, lakini kinywa ni kile kile.

Sasa tufikiri pamoja: mnyama huyu hakuumbwa na pembe wala makucha, ngao yake ni miguu, na tangu zama za mababu zake nyikani akiumizwa hukimbia. Basi yule amwumizaye kinywa ili asimame amemwambia kwa ulimi wake yeye farasi kwamba aongeze mbio, kisha hukasirika kwa kutiiwa. Tuna methali ya kuwa shukrani ya punda ni mateke. Bado sijamsikia aliyeuliza punda huyo alitendewa nini kwanza.

Ukiacha lijamu za pete mbili ambazo uzito wa mkono huzifikia kama ulivyo, zipo lijamu za wenzo, zenye mikono miwili ya chuma ishukayo kando ya midomo na mnyororo upitao chini ya kidevu. Na sehemu ya mkono iliyo chini ya kile chuma cha kinywani ikiwa na sentimita 10 ilhali iliyo juu yake ina sentimita 5, mvuto wa mpandaji huzidishwa, naye aliye juu ya tandiko wala hahisi kuwa amezidisha. Mtu mwenye mkono mzito akipewa chombo hicho ni sawa na mwenye kupaza sauti akapewa kipaza sauti.

Nitajibiwa kuwa wapo mabingwa watumiao vyuma vya kutisha bila ya farasi wao kutokwa hata na tone la damu. Ni kweli, na mfano bora ni wachunga ng'ombe wa zamani wa California, waliorithi ustadi wa Wahispania, ambao lijamu yao ina kipande cha chuma kinachosimama kuelekea kaakaa. Lakini farasi wao huanza kwa hatamu ya puani isiyo na chuma chochote kinywani, akafundishwa miaka kadhaa kabla ya kutiwa chuma kile, na akishatiwa hupandwa kwa hatamu zilizolegea. Wanaoiga chuma wakaiacha ile miaka hawakuiga kitu.

Hata Xenophon wa Athens, aliyeandika juu ya upandaji farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaka mtu awe na lijamu mbili, moja laini na moja ya kukwaruza, na hapo wapenzi wa ukali hufunga kitabu kwa furaha. Lau wangeendelea, wangeona kwamba ile ya kukwaruza ni ya kumfanya farasi aione laini kuwa ni neema, na kwamba farasi akiitikia sharti alegezewe papo hapo.

Basi anunue lijamu ipi mwenye farasi? Anunue chuma laini kisicho na ncha, chenye viungo viwili badala ya kimoja kama kaakaa la mnyama wake ni la chini, kizidi upana wa kinywa kwa nusu sentimita hivi kila upande, na meno yakaguliwe kwanza, hususan kile kijino kiotacho mbele ya gego la kwanza. Wala asidhani kuwa unene ndio huruma: ulimi umekwisha kukijaza kinywa, na chuma kinene katika kinywa kidogo ni mateso ya aina nyingine. Ukanda wa puani uache nafasi ya vidole viwili, kwani kumfunga mdomo anayelalamika si kumwondolea malalamiko.

Mfaransa François Baucher, aliyezaliwa mwaka 1796, aliitumia sana lijamu ya wenzo, mpaka mwaka 1855 taa kubwa ya dari ilipomwangukia katika ukumbi wa sarakasi mjini Paris na kumwondolea nguvu. Na tangu hapo akaielekea ile nyepesi ya pete mbili. Mwaka 1873, akiwa kitandani mwa mauti, alijiwa na mwanafunzi wake L'Hotte, afisa wa jeshi la wapanda farasi. Mzee akamshika mkono, akauweka mkao wa mkono ushikao hatamu, akaubana pale pale usitikisike, akamwambia kuwa ndivyo iwe daima. Kisha akauvuta polepole kuelekea kifuani mwa L'Hotte, na hilo akamkataza.