Moshi wa Meli na Hesabu ya Mkulima



Ukiona neno "meli" katika gazeti lako, pengine utageuza ukurasa upesi utafute bei ya maziwa. Ngoja kidogo. Wewe uliye katika skimu, mbali na bahari, nauli ya meli yakufikia shambani mara mbili: mbolea ikija, na mazao yakienda. Mbolea ya chumvichumvi unayotia shambani karibu yote hushushwa Mombasa kutoka melini. Chai, kahawa na parachichi huondoka kwa njia hiyo hiyo. Basi mafuta yanayochomwa bure katika injini ya meli ni fedha iliyotoka katika mfuko wako.

Tena kuna jambo la moshi. Meli hubeba zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zote za biashara baina ya nchi na nchi, na moshi wake ni karibu asilimia 3 ya gesi zote zinazoongeza joto la dunia kwa ajili ya kazi za wanadamu. Wenzetu wa kaskazini na mashariki ya Kenya, waliokosa mvua misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, wajua hasara ya hali ya hewa iliyoharibika.

Kwa sababu hiyo mataifa yamo katika shauri kubwa. Mwaka wa 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lenye makao yake London, lilikubaliana ya kwamba moshi wa meli umalizwe kufikia mwaka wa 2050 au karibu na hapo. Shauri la kutoza ada meli zinazopita kiasi cha moshi lilipita hatua ya kwanza mwezi wa Aprili 2025, lakini mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wajumbe waliahirisha kura kwa mwaka mmoja. Nchi za Ulaya hazikungoja. Tangu Januari 2024 meli kubwa zinazotia nanga kwao hulipia moshi wao, na kwa safari itokayo nje ya Ulaya nusu ya moshi huhesabiwa. Ada hiyo mwenye meli huiongeza juu ya nauli.

Wako wasemao, "Huu ni mzigo mwingine juu ya mkulima, tuukatae." Sisi twaona vingine. Mzigo wa kukataa ni upotevu. Kabla ya kutuletea hesabu ya mafuta mapya ya bei kubwa, wenye meli na wazibe kwanza tundu la ndoo. Njia za kuziba zipo, na nyingine ni kongwe.

Njia ya kwanza ni usafi. Jembe lenye kutu na udongo huchosha ng'ombe. Na meli iliyoota mwani na viumbe vya baharini chini yake huchosha injini. Mabaharia wa pwani yetu walilijua hilo tangu zamani. Waliyavuta majahazi nchi kavu, wakayasugua, wakayapaka deheni. Meli ya chuma nayo yahitaji kusuguliwa na kupakwa rangi njema.

Njia ya pili ni mwendo. Meli ikipunguza mwendo kwa sehemu moja katika kumi, nguvu inayotakiwa katika injini hupungua kwa zaidi ya robo. Safari ya siku 20 itachukua siku 22 na kidogo, lakini mafuta ya safari nzima yatapungua karibu moja ya tano.

Hapa mkulima wa parachichi atashtuka, na ana haki. Chai na kahawa huvumilia siku mbili zaidi. Tunda halivumilii sana. Tangu mwisho wa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu na nyingi zikalazimika kuzunguka Afrika Kusini, wakulima walijifunza hasara ya tunda kukawia njiani. Kwa hiyo hatusemi kila meli iende polepole. Twasema meli isikimbie bure. Mara nyingi meli hukimbia safari nzima, kisha hungoja nje ya bandari kwa kuwa gati halina nafasi. Bandari ikiipa habari mapema, itakwenda kwa mwendo wa kufika siku ile ile ya zamu yake. Mafuta yatabaki na mzigo hautachelewa.

Njia ya tatu ni upepo, ule ule wa kaskazi na kusi uliosukuma majahazi. Mwezi wa Agosti 2023 meli ya shehena iitwayo Pyxis Ocean ilianza safari ikiwa na mabawa mawili yaliyosimama wima, kila moja la urefu wa mita 37.5. Katika miezi sita ya kujaribiwa iliokoa kwa wastani tani 3 za mafuta kila siku. Mabawa hayo yafaa meli za nafaka na mbolea. Meli ya kontena sitaha yake imejaa mizigo, hivyo ina dawa nyingine: rafadha iliyochongwa vizuri zaidi, au mapovu ya hewa yanayopulizwa chini ya meli ili ipite majini kwa wepesi.

Sasa, wewe ufanye nini? Katika mkutano wa chama chenu cha ushirika, mwulize katibu: nauli ya mazao yetu ni kiasi gani, na ada ya moshi ndani yake ni kiasi gani? Akiwa hana jibu, amwulize wakala anayesafirisha mazao. Ikiwa mwenye meli anatutoza ada moshi unapozidi, ni haki atupunguzie nauli mafuta yanapopungua. Asiyeuliza hatapunguziwa.

Na kwa upande wako, usichume parachichi changa kwa sababu mnunuzi ana haraka. Meli iende upesi au polepole, tunda lisilokomaa halitaiva vizuri hata likifika mapema, na nauli yake ni ile ile.

Hapo zamani mkulima aliuza mazao langoni, asijue yaendako. Leo shamba ni lako, na hesabu ni yako pia, mpaka kule baharini. Ifuatilie.