Nizi: tuache kufundisha kwamba «did» ni «est-ce que»

Mwanafunzi wa Nizi anayejitayarisha kwa Exetat anakuta swali la aina hii: «Did your brother … to Kampala?» Anapewa go, goes, went, gone na going. Anaona jambo limekwisha kupita, anachagua went. Amekosa. Jibu ni go.

Wengi watasema ni uvivu wa vijana wa leo. Sisi hatukubali. Kosa hili lina mzizi, na mara nyingi mzizi huo umeandikwa ubaoni: «do, does, did = est-ce que». Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa katika sekondari.

Tuangalie lugha tunazozijua. Kwa Kiswahili tunauliza: «Je, kaka yako alienda Kampala?» Neno «je» linafungua swali tu. Ukiliondoa, «alienda» inabaki vilevile, na -li- ndiyo inayobeba wakati. Kwa Kifaransa pia «est-ce que» haibebi kitu. Mzigo wote uko kwa kitenzi. Basi mwanafunzi aliyeambiwa kwamba did ni est-ce que anafanya kama alivyozoea: anaachia kitenzi mzigo wake. Anaandika «Did he went?» na «Does she goes?»

Kumbe kwa Kiingereza did ndiyo inayobeba. Ni kama ile -li- yetu imetoka ndani ya kitenzi na kusimama mbele. Nani kati yetu anasema «alilienda»? Wakati unawekwa mara moja. Vilevile ile s ya «she goes»: katika swali inahamia kwa does, na nyuma inabaki go.

Mwalimu akieleza hivyo, mengine yanafuata. Neno linalotangulia ndilo linalochagua umbo la kitenzi. Do, does, did na can zinataka kitenzi kitupu: «Can she go?» Have na has zinataka umbo la tatu: «Has she gone?» Is na are zinataka -ing: «Is she going?» Na kama who ndiye mwenye kutenda, did haina kazi: «Who bought the gold?» Lakini kama unamuuliza mtu alimwona nani, did inarudi: «Who did you see?» Yote hayo yanaenea katika nusu ya ukurasa wa daftari.

Kuna watakaosema: Djugu imeona vita, shule zimefungwa, watu wamekimbia, na ninyi mnazungumzia herufi s? Ndiyo, na kwa sababu hiyohiyo. Mtoto aliyepoteza miezi ya masomo hana mwezi mwingine wa kupoteza kwa maelezo yasiyo sahihi.

Tena si pointi za mtihani peke yake. Mwaka 2022 Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchuuzi wa Ituri anayevuka kutoka Mahagi kuingia Goli, au ziwa Albert kutoka Kasenyi, anaingia nchi ambamo karatasi za serikali ni za Kiingereza. Asiyejua kuuliza vizuri anaogopa kuuliza, na anayeogopa kuuliza anatia sahihi asichokielewa. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Djugu walikimbilia Uganda kupitia ziwa hilo, na wengi walipokelewa Kyangwali. Watoto wao waliingia shule ambamo Kiingereza ndiyo lugha ya masomo. Pale, mtoto anayenyamaza kwa kukosa namna ya kuuliza anaweza kudhaniwa hajui hata hesabu.

Hatuombi pesa wala majengo. Kwanza, walimu wafute ile alama ya sawasawa kati ya did na est-ce que, na wakaguzi wa shule wawaunge mkono. Pili, wanafunzi waulize wao wenyewe. Darasani mwalimu ndiye mwenye kuuliza, mtoto anajibu tu. Atazoea wapi umbo la swali? Dakika tano mwishoni mwa kila somo, mtoto amuulize jirani yake alikula nini, alilala wapi, nani alimfundisha, zinatosha kwa kuanza. Tatu, wazazi wasiwacheke watoto wanapokosea nyumbani.

Mtoto wa Nizi ana akili ya kutosha. Aelezwe sababu.