Kifundo kilichowahi kuteguka: Vaa kishikizo, plasta ina kasoro

Ikiwa wewe ni mchezaji na kifundo cha mguu wako kimewahi kuteguka, fahamu kwamba ni rahisi kiteguke tena. Kano za upande wa nje huwa zimevutika au kuchanika, na ule uwezo wa mguu kuhisi jinsi unavyokanyaga huwa umepungua. Ndiyo maana kijishimo kidogo tu uwanjani hukuangusha.

Wanamichezo wengi huuliza: Je, nifunge plasta au nivae kishikizo? Kwa kinga, hakuna ushahidi thabiti kwamba kimoja chakishinda kingine kwa mbali. Vyote viwili hupunguza ajali za kurudia. Hata hivyo, kwa mchezaji wa kawaida wa mtaani, mimi nashauri kishikizo.

Plasta huhitaji mkono wa mtu aliyefunzwa, na timu nyingi hazina mtu huyo. Jasho na mwendo huilegeza, hivi kwamba baada ya nusu saa ya kukimbia huwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ilhali mechi ya kandanda ni dakika 90. Ikikazwa kupita kiasi huzuia damu, na ikibanduliwa huchubua ngozi. Isitoshe, hutupwa baada ya mechi moja na nyingine kununuliwa.

Kishikizo kinachofungwa kwa kamba kama kiatu, au chenye vipande vigumu pande zote mbili, hununuliwa mara moja na kutumika msimu mzima. Kikilegea, wakikaza mwenyewe wakati wa mapumziko. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 kuhusu wanasoka wa Afrika Kusini ulionyesha kuwa miongoni mwa waliowahi kuteguka, waliovaa kishikizo chenye vipande vigumu waliumia tena mara chache zaidi. Usidanganyike na soksi laini ya kuvuta. Hiyo hutia joto tu.

Lakini kishikizo pekee hakitoshi. Kila siku simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, na ukizoea, fumba macho. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka wa 2009 ulibaini kuwa mazoezi ya aina hii, yaliyofanywa nyumbani kwa wiki 8, yalipunguza hatari ya kuteguka tena kwa karibu thuluthi moja.

Nanyi viongozi wa timu, kabla ya kununua jezi mpya, wanunulieni vishikizo wachezaji waliowahi kuumia. Msimrudishe uwanjani anayechechemea eti kwa kuwa amepuliziwa dawa ya maumivu. Asipoweza kutembea hatua 4, au mfupa ukimuuma unapobonyezwa, apelekwe hospitalini akapigwe eksirei siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo ni kijana kuacha mchezo akiwa na miaka 22.