MCHEZAJI ALIUZWA, MSHAHARA PALE PALE

Ndugu wafanyakazi wa Kitale na Bungoma,

Wako wasemao kwamba mwenye ufundi hana haja ya chama. Waulizeni habari za David Jack. Mwaka 1928 klabu ya Arsenal ilimnunua kutoka Bolton kwa pauni 10,890. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa juma, maana kanuni ya mpira wa Uingereza ilikataza tangu 1922. Ufundi wake haukuivunja kanuni ile. Ilivunjwa na umoja: chama cha wachezaji kilitangaza mgomo, na Januari 1961 kikomo cha mshahara kikafutwa.

Basi, fundi wa kiwandani na kibarua wa shamba la mahindi, lipeni ada. Tajiri hamwogopi hodari mmoja. Huogopa wengi waliosimama pamoja.

UMOJA NI NGUVU!