Barua ya Kicheki iliyozaa kiwanda cha magari

Sina gari la Škoda, wala sitarajii kulinunua. Mshahara wa mhadhiri, kama wajuavyo walimu wenzangu, haumpi mtu uhuru wa kuchagua aina ya gari; humwachia tu kuchagua kati ya kulitengeneza bovu alilo nalo na kupanda matatu. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa isimujamii historia ya kampuni hiyo ya Ulaya ya Kati, na kila mwaka huniuliza swali lile lile: magari na isimu vina uhusiano gani? Leo nimeonelea niwajibu kwa maandishi, maana nimekuja kutambua kwamba jambo lenyewe linanihusu mimi pia, na kwa namna isiyonipa fahari.

Mwaka wa 1894, katika mji wa Mladá Boleslav, kaskazini mashariki mwa Prague, paliishi kijana muuza vitabu aliyeitwa Václav Klement. Alikuwa na umri wa miaka 26. Klement alikuwa na baiskeli iliyoundwa na kampuni ya Kijerumani ya Seidel & Naumann, yenye makao yake Dresden, na baiskeli hiyo ikaharibika. Akafanya afanyalo mteja yeyote: akaliandikia tawi la kampuni hiyo mjini Ústí nad Labem, akieleza kasoro na kuomba irekebishwe. Aliandika kwa Kicheki, lugha yake ya mama. Jibu alilopata lilikuwa la Kijerumani, na maana yake ilikuwa kwamba akitaka kusaidiwa, basi aandike kwa lugha inayoeleweka.

Naomba msomaji azingatie mahali. Ústí haukuwa mji wa ng'ambo. Ulikuwa ndani ya Bohemia, nchi ya Wacheki, ijapokuwa upande ule ulikuwa na wasemaji wengi wa Kijerumani. Klement hakuwa mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba ya watu kwa lugha ya kwao. Alikuwa mwenyeji aliyeambiwa nyumbani kwake kwamba lugha yake haieleweki. Bohemia wakati huo ilitawaliwa na Milki ya Austria na Hungaria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa, ya majeshi na ya biashara kubwa. Miaka mitatu baadaye, yaani 1897, Waziri Mkuu Badeni alipoamuru kwamba maofisa wa serikali katika Bohemia sharti wajue lugha zote mbili, palizuka ghasia barabarani na vurumai bungeni hata akapoteza cheo chake. Kufikia mwaka wa 1899 amri hizo zilikuwa zimefutwa. Hayo yote kwa sababu karani wa Kijerumani angelazimika kujifunza Kicheki! Wale miongoni mwetu wanaodhani kwamba mabishano ya lugha ni mchezo wa maprofesa wasio na kazi, nawasihi waisome habari hiyo.

Klement hakuandika barua ya pili. Alishirikiana na Václav Laurin, fundi wa makanika, na mnamo Desemba 1895 wakafungua karakana ya kutengeneza na kuunda baiskeli. Baiskeli zao waliziita Slavia, kwa heshima ya Waslavi, na hakuna aliyehitaji kamusi ili kuelewa ujumbe wa jina hilo. Mwaka wa 1899 wakaanza kuunda pikipiki. Mwaka wa 1905 wakatoa gari lao la kwanza. Ikawa hata pikipiki zao zinaundwa Ujerumani kwa leseni na kuuzwa kwa jina la Germania, na kampuni iliyoomba leseni hiyo ni ile ile ya Seidel & Naumann. Mdharau biu, husema wahenga, hubiuka yeye.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hukomea. Nimewahi kumsikia mzungumzaji mmoja katika siku ya kutoa zawadi shuleni akiisimulia habari hii kama ushahidi kwamba hasira huleta mali. Mimi nathubutu kusema kwamba hasira si chochote hapa. Wacheki wangapi walijibiwa kwa dharau katika karne hiyo, wakakasirika, wakalala na hasira zao? Aliyekuwa na hasira bila Laurin angebaki na baiskeli yake mbovu. Laurin alikuwa na mikono iliyojua chuma, na Klement alikuwa na ulimi na kalamu ya kuuza.

Tena kuna jambo jingine ambalo sisi walimu wa lugha tunapaswa kulitazama kwa makini zaidi. Ile barua yenyewe iliwezekanaje? Ili kuandika kwa Kicheki kuhusu baiskeli, chombo kigeni kabisa wakati ule, Klement alihitaji lugha iliyozoezwa kuandika mambo kama hayo. Karne moja kabla yake, Kicheki kilikuwa kimerudi nyuma sana katika uandishi wa kitaaluma. Waliokiinua walikuwa watu wa vitabu. Josef Jungmann alitoa kamusi yake ya Kicheki na Kijerumani katika majuzuu matano kati ya 1834 na 1839, akitafuta maneno katika maandishi ya kale, akiazima katika lugha nyingine za Kislavi na mengine akiyabuni. Mwaka wa 1882 chuo kikuu cha Prague kiligawanywa, Wacheki wakapata chuo kinachofundisha kwa lugha yao. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamefungua Jumba la Maonyesho la Taifa, lililojengwa kwa michango ya umma. Likaungua mwaka ule ule, wakachanga tena, na kufikia 1883 likafunguliwa upya. Klement, muuza vitabu, alikuwa akiuza matunda ya kazi hiyo. Barua yake ilitanguliwa na miaka sitini ya jasho la wanaleksikografia.

(Na wala Kicheki hakikuishia kuomba baiskeli zirekebishwe. Neno roboti, linalotumiwa leo katika kila lugha ya viwanda, lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka wa 1920. Lilipendekezwa na ndugu yake Josef, naye alilijenga juu ya neno la Kicheki la kazi ya shokoa.)

Sasa niligeukie jina. Mwaka wa 1925 kampuni ya Laurin na Klement iliungana na viwanda vya Škoda vya mji wa Plzeň, viwanda vikubwa vya mashine na silaha ambavyo Emil Škoda alivinunua mwaka wa 1869. Magari yakachukua jina la mkubwa. Sasa, škoda katika Kicheki ni neno la kawaida lenye maana ya hasara au uharibifu, na pia ndilo neno asemalo mtu anaposikitika, kama sisi tusemavyo "ole" au "masikini". Fikiria, ewe msomaji, kampuni ya Mombasa inayounda magari na kuyapa jina la Hasara! Nani angeyapanda? Ilhali Wacheki waliyapanda kwa miongo mingi bila kutetereka, kwa sababu jina la mtu au la kiwanda likishazoeleka huacha kusikika kama neno. Nasi vile vile hatushtuki tunapoitana Tabu, Shida au Mwanahamisi. Wanafunzi wangu hulipenda somo hili kuliko masomo yote ya semantiki, nami siwalaumu.

Lakini sifa ya kitu ni jambo jingine, nayo haifuati jina wala wakati mwingine haifuati hata ukweli. Kampuni hii imepitia mengi. Wajerumani waliikalia nchi mwaka wa 1939 na viwanda vikalazimishwa kuhudumia vita vyao. Tarehe 9 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilikuwa ikisherehekea amani, kiwanda cha Mladá Boleslav kilipigwa mabomu na ndege za Kisovieti. Baadaye kikataifishwa, kikawa chini ya mipango ya serikali ya kikomunisti, ambayo haikuwa na haraka ya kutoa fedha za mitambo mipya. Magari yake yenye injini nyuma yaliendelea kuundwa wakati wenzao wa magharibi walikuwa wamekwisha kubadili mtindo. Katika miaka ya 1980 Waingereza wakayafanya magari hayo kuwa kichekesho cha taifa. Waliulizana kwa nini kioo cha nyuma cha Škoda hupashwa moto, na jibu likawa kwamba ni ili mikono ya wanaolisukuma isife ganzi.

Ni mzaha mzuri, nakiri. Hata mimi ulinichekesha. Lakini katika miaka hiyo hiyo, gari hilo hilo lililochekwa lilikuwa likishinda katika daraja lake kwenye mashindano ya RAC ya huko huko Uingereza, mwaka baada ya mwaka, na waliokuwa wakicheka hawakulitazama. Kicheko kilikuwa kimeshajitegemea. Hakikuhitaji gari tena. Mwaka wa 1987 kampuni ilitoa Favorit, gari lenye injini mbele na umbo lililochorwa na Bertone wa Italia, na vichekesho havikubadilika hata neno moja. Mwaka wa 1991 Volkswagen ya Ujerumani ikaingia ubia na kampuni hiyo, na kufikia mwaka wa 2000 ikaimiliki yote. Hata hapo, gari la Fabia lilipopelekwa Uingereza, watangazaji walilazimika kujenga kampeni yao yote juu ya dharau hiyo, wakiwaonyesha watu walioshindwa kuamini kwamba gari zuri lililo mbele yao ni Škoda kweli.

Mimi nililiona kwa macho yangu mwaka wa 2001, nilipokuwa kijana, Safari Rally ikiwa bado katika ubingwa wa dunia kabla ya kuondolewa baada ya mwaka wa 2002 na kurejeshwa 2021. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi tukisubiri Mitsubishi na Peugeot. Lilipopita gari la Octavia la Armin Schwarz, mwenzangu mmoja akauliza hilo nalo ni gari gani. Schwarz alimaliza wa tatu, nyuma ya Mäkinen na Rovanperä, katika mashindano yaliyovunja magari yenye sifa kubwa zaidi. Mwaka wa 2014 kampuni hiyo iliuza zaidi ya magari milioni moja kwa mara ya kwanza.

Najua atakayeniuliza: si mwishowe ni Wajerumani walionunua? Barua ya Klement ilishinda nini basi? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Mtaji haujui lugha ya mama. Ila kilichonunuliwa mwaka wa 1991 kilikuwa kiwanda chenye mafundi, wahandisi na jina. Na anayekuja kununua ulichokijenga hana budi kuketi na kuzungumza nawe, tofauti na yule asiyeisoma hata barua yako.

Sasa aibu yangu. Miaka miwili iliyopita nilinunua gari kuukuu kwa muuzaji mmoja wa jijini, na kabla ya mwezi kwisha klachi ikaanza kuteleza. Nikamwandikia barua rasmi kwa Kiswahili sanifu, nikataja tarehe, kasoro na kifungu cha makubaliano yetu. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu na karani mwenye adabu nyingi. "Daktari," akaniambia, "barua yako tumeipata, lakini wakubwa wanaomba utuletee ya Kiingereza ndipo tuifungulie faili." Aliniambia hayo kwa Kiswahili fasaha. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu chake cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilikijua kifungu hicho. Nimekifundisha mara nyingi. Usiku ule nikaketi nikaiandika upya kwa Kiingereza, na klachi ikarekebishwa siku ya nne.

Sikufungua karakana. Nilichofanya, muhula uliofuata, ni kuwagawia wanafunzi wangu kazi ya kuandika barua kama ile, wakieleza kwa Kiswahili ubovu wa gari kwa muuzaji. Nusu yao walishindwa kuvuka aya ya pili. Wanayajua majina ya tamathali zote za usemi, ila hawakujua kiitwe nini kile kinachobanwa kati ya injini na kifuniko chake mafuta yasivuje. Basi nikawachukua hadi kwa mafundi wa jua kali walio karibu na lango la chuo. Fundi mmoja, mzee mwenye ovaroli lisilo na rangi tena, aliwatajia gasketi, plagi, klachi, springi na bomba la moshi bila kusita, akaeleza kazi ya kila kimoja kwa sentensi zilizonyooka kuliko za vitabu vyetu. Alipofika kwenye usukani nikamkatiza kidogo kuwaeleza wanafunzi kwamba neno hilo lilikuwa la mabaharia, la kuongozea vyombo vya baharini, kabla halijapanda gari. Mzee akatikisa kichwa, akasema hilo hakulijua, kisha akamwambia msichana aliyekuwa karibu naye aandike upya neno gasketi, kwani alikuwa ameliandika kwa herufi za Kiingereza.

Barua zao za pili ninazo mezani. Ya msichana yule imefika aya ya tano, na sijapata mahali pa kuisahihisha ila koma mbili. Nimemwomba nakala, gari langu sasa limeanza kuvuja mafuta.